Shajara ya mradi: gari la sampuli za maji, Engaruka hadi Natron

Agosti, wiki ya kwanza

Gari limeingia gereji. Ni Land Cruiser mkonga, yaani ile yenye bomba la kuvutia hewa kwa juu, na injini ya 1HZ, dizeli, silinda sita, lita 4.2. Halina kompyuta, na vipuri vyake vya kawaida unaweza kuvipata hata Mto wa Mbu. Litabeba watu wanne: mimi dereva, fundi kijana, dada wa maabara, na mzee mwenyeji wetu wa Kimasai tutakayempitia Engaruka. Njia ni Arusha, Makuyuni, Mto wa Mbu, halafu vumbi la Selela na Engaruka mpaka Ngare Sero upande wa kusini wa Ziwa Natron. Kutoka hapo tunalizunguka ziwa kwa mashariki, tunapita vijiji vilivyo chini ya mlima Gelai, tunatokea Longido kwenye lami ya Namanga.

Kazi ni kuchota sampuli za visima na chemchemi kila msimu na kuzipima floraidi, madini yanayotia meno madoa yakizidi kwenye maji. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na yeyote aliyekulia Bonde la Ufa anajua meno ya kahawia yanatoka wapi. Shajara naiandika ili dereva atakayekuja baada yangu akute kila kitu kimeelezwa na sababu yake.

Kabla ya kufungua boneti nimeandika karatasi. Wengi wanaojiandaa kwenda porini huanza na winchi, taa za juu ya paa na tairi za meno makubwa. Mimi naanza na swali: tukikwama pasipo mtandao, nani atajua, na atajua saa ngapi? Gari likishafia porini, vilivyomo ndani vinakununulia muda tu. Kama muda huo utatosha au hautatosha, hilo liko mikononi mwa mtu aliyebaki nyumbani.

Karatasi ni ukurasa mmoja. Ina njia tutakayopita na kijiji tutakacholala kila usiku, majina yetu, dawa ambazo kila mmoja anatumia, namba za watendaji wa vijiji vyote vya njiani, na gari lilivyo: rangi, namba, turubai la bluu juu ya paa. Chini kabisa kuna saa mbili. Saa ya kuuliza ni saa mbili usiku. Kama hatujasikika kufikia hapo, tunaanza kupigiwa, na tusipopatikana anapigiwa mtendaji wa kijiji tulichotarajiwa. Saa ya kutafuta ni saa mbili asubuhi inayofuata. Hapo gari la pili linaondoka Mto wa Mbu, na dereva wake ameshapewa fedha ya mafuta kabla sisi hatujatoka Arusha. Hilo la fedha nimelisisitiza kuliko yote. Asubuhi ya kutafuta watu si asubuhi ya kuanza kuchangishana.

Karatasi anaishika dada mhasibu wa ofisi yetu. Aliisoma mpaka mwisho, akauliza:

"Kaka, na kama mmesahau tu kupiga?"

"Mtatutafuta bure, na gharama nitalipa mimi."

"Sawa. Na nikikupigia usiku usije ukaniambia nina wasiwasi mwingi."

Tumekubaliana. Hakuna anayeruhusiwa kuzisogeza saa hizo tukiwa njiani, hata mimi.

Agosti, katikati

Leo ni njia ya hewa. Watu wanauamini mkonga kupita kiasi. Wakishauona umesimama pembeni ya kioo wanadhani gari limekuwa boti.

Tulifungua bomba linalotoka kwenye mkonga kwenda kwenye kichujio cha hewa. Fundi akafunga kitambaa cheupe kwenye kijiti, akakipitisha ndani taratibu. Kilipotoka kilikuwa na mstari wa vumbi la kijivu, laini kama poda, upande mmoja tu. Tulikitazama wote wawili kimya, kisha akaweka kidole kwenye kiungio cha mpira kilicho nyuma ya bawa la mbele. Vumbi lingekuwa linaingia juu, lingeenea bomba zima. Likiwa upande mmoja, kuna tundu, na mahali vumbi linapopita maji nayo yatapita. Maji hayashindiliki kama hewa. Injini ya dizeli ikiyameza huku inazunguka, konrodi, vyuma vinavyoshika pistoni, zinapinda na safari inaishia hapo.

Tumebadilisha mpira na klipu zote, tukapaka silikoni kwenye viungio, halafu tukafanya jaribio ambalo nashauri kila mwenye mkonga alifanye. Injini ikiwa inanguruma taratibu, unaziba mdomo wa mkonga kwa ubao mpana wenye mpira laini. Injini inatakiwa kukosa pumzi na kuzima. Ikiendelea kuunguruma, inavuta hewa mahali pengine. Yetu ilizima.

Vumbi la huko si la kawaida. Njia inapita chini ya Ol Doinyo Lengai, mlima wa mita 2,962. Mlipuko wake mkubwa wa mwisho ulianza Septemba 2007 ukaendelea hadi 2008, na majivu yalifunika malisho ya eneo lile. Sehemu kubwa ya njia ni majivu ya miaka mingi yaliyosagwa na tairi. Nimepanga kufungua kichujio kila jioni na kukipuliza kutoka ndani kwenda nje. Ukipuliza kinyume chake unalisukuma vumbi ndani zaidi ya karatasi yake.

Difu zote mbili, yale makasha ya gia kwenye ekseli, zina tundu dogo la kupumulia. Difu ya moto ikiingia ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyomo ndani inasinyaa na kuvuta maji. Tumeunga vimpira virefu na kuvipandisha hadi ndani ya chumba cha injini. Kazi ya mchana mmoja, gharama yake ndogo, na inaokoa difu.

Mengine kwa kifupi: mkanda wa feni mpya, wa zamani umewekwa kuwa akiba, mipira ya radieta ya juu na ya chini, mipya, na jozi nyingine kwenye sanduku, filta mbili za dizeli za akiba, shokapu za nyuma zimebadilishwa, nati za springi zimekazwa na kupigwa mstari wa rangi ili ikilegea moja ionekane bila spana. Mbele ya radieta tumefunga kipande cha chandarua cha kuzuia mbegu za nyasi. Nyasi kavu zikishajazana kwenye radieta joto linapanda, na zikirundikana juu ya bomba la moshi zinaweza kuwaka. Kwa hiyo kila tukitoka kwenye nyasi ndefu, mtu mmoja analala chini na kutazama.

Agosti, mwishoni: tairi

Tumebaki na tairi za 7.50R16 zenye tyubu na rimu za pete, ambazo tairi lake linashikwa na pete ya chuma inayotoka. Nilishauriwa kuweka pana zisizo na tyubu. Ni nzuri, lakini Gelai hakuna mtu mwenye mashine ya kuzivua. Ya tyubu naivua kwa pau mbili na nyundo chini ya mgunga, naiziba kiraka, naendelea.

Rimu ya pete ina hatari yake na naiandika kwa herufi ambazo kijana wangu hataziruka: PETE ISIYOKAA VIZURI INARUKA WAKATI WA KUJAZA UPEPO, NA INAUA. Kabla ya kujaza, pete inagongwa kuizunguka yote hadi ikae. Gurudumu linalazwa pete ikitazama chini, linazungushiwa mnyororo, na anayejaza anasimama mbali kwa urefu wote wa mpira wa pampu. Hakuna kuinama juu yake kusikiliza kama linavuja.

Upepo, kwa PSI: kwenye lami tukiwa na mzigo, 38 mbele na 45 nyuma. Kwenye vumbi la mawe, karibu 32. Kwenye mchanga, 22. Chini ya 18 siendi, kwa sababu tairi ikilegea kwenye rimu inazunguka na tyubu, na shina la valvu linakatika. Ukishusha upepo, alama ya tairi ardhini inarefuka, uzito unagawanyika, na gari linaelea juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Ila ukishashusha unaendesha polepole, na ukirudi kwenye njia ngumu unajaza kwanza. Tairi laini ikienda kasi inachemka hadi inapasuka. Pampu yetu inafungwa kwenye betri, na ile ya mguu inabaki kuwa akiba.

Spea ziko mbili. Bajeti ilitaka moja. Nilikataa, na nitakataa tena.

Septemba: maji, dizeli, uzito

Ziwa Natron liko mita kama 600 juu ya usawa wa bahari, chini mno ukilinganisha na Arusha, na mchana joto linaweza kupita nyuzi 40. Kwa mtu mmoja nimepiga lita 6 kwa siku, za kunywa na kupika. Safari ni siku tatu, nimeongeza mbili za kukwama. Watu wanne mara lita 6 mara siku 5: lita 120. Nimeziweka kwenye madumu sita ya lita 20, si kwenye tanki moja, ili likitoboka moja matano yabaki. Wenye visima watatukaribisha maji, na tutayapokea kwa heshima, lakini hatuyahesabu. Ndiyo hayo tunayoenda kuyapima.

Maji ya radieta yenye dawa ya kupozea ni sumu, hayanywewi kwa hali yoyote ile. Nimeyasema haya mbele ya timu nzima.

Dizeli: mzunguko wote ni karibu kilomita 450. Kwenye lami injini hii inakunywa kama lita 13 kwa kilomita 100. Kwenye mchanga na gia nzito nahesabu 20 kwa njia yote. Zinakuja 90, naongeza theluthi, 120. Zote ziko ndani ya matangi ya gari, hakuna dumu la dizeli karibu na madumu ya maji.

Kuhusu uzito tumebishana kidogo. Fundi alitaka madumu yakae juu ya paa ili ndani pawe na nafasi. Lita 120 ni kilo 120, na kilo 120 juu ya paa ndizo zinazolilaza gari ubavu kwenye ukingo wa korongo. Juu vimebaki turubai, beleshi, na mbao mbili za kukwamulia. Maji yako sakafuni mbele ya ekseli ya nyuma, yamefungwa kwa mikanda. Breki ya ghafla ikitokea, dumu lisilofungwa linatua kisogoni kwa mtu.

Septemba, mazoezi nje ya Longido

Tulikwenda kwenye korongo la mchanga, makusudi, kulinasisha gari. Nilitaka kila mtu awe ameshika vifaa kabla ya kuvihitaji, pamoja na dada wa maabara, aliyesema yeye kazi yake ni chupa. Jioni alikuwa anaitumia winchi ya mkono kuliko sisi wote.

Kwanza ni kutofanya kitu. Gari likianza kuzama, unaachia mafuta hapo hapo. Kila sekunde unayozungusha gurudumu unachimba kaburi la difu. Unashuka, unashusha upepo, unafukua mchanga mbele ya magurudumu yote manne na chini ya difu, unalaza mbao, na mara nyingi gari linatoka lenyewe kwa gia nzito bila kuvutwa na mtu.

Lisipotoka, ni winchi. Yetu ni ya mkono, ya tani 1.6. Gari lenye mzigo ni karibu tani 3, kwa hiyo tunatumia kapi ili nguvu iwe karibu mara mbili na mwendo uwe nusu. Na kule kwenye tambarare za ziwa hakuna mti wa kufungia. Hapo unazika spea.

Zoezi la kuzika spea lilichukua karibu saa nzima. Vijana wawili walichimba shimo linalofika mapajani, lenye ukuta uliosimama wima upande wa gari. Gurudumu lilisimamishwa ndani likiegemea ukuta huo. Pau nene ya chuma ilipitishwa nyuma ya tundu la rimu, na waya ukafungwa kwenye pau. Halafu inakuja sehemu ambayo watu huisahau: mfereji mwembamba wa kuupitisha waya, unaopanda polepole kutoka chini ya shimo kuelekea gari. Bila mfereji waya unavuta kwenda juu na spea inang'oka kama muhogo. Ukiwepo, unavuta kwa usawa na gurudumu linajikandamiza kwenye ukuta. Tulifukia, tukashindilia kwa miguu, tukavuta. Spea ilisogea kiganja kimoja, ikatulia, gari likaanza kuja.

Sheria za waya: koti zito linatundikwa katikati yake, ili ukikatika uanguke chini usiruke. Hakuna kusimama kwenye mstari wake wala kuuruka. Kamba haifungwi kwenye kitufe cha chuma cha kuvutia trela, kwa sababu kitufe hicho kikikatika kinaruka kama risasi. Inafungwa kwenye ndoano iliyofungwa kwa bolti kwenye chesisi. Mnyororo hauvutwi kwa kushtukiza.

Oktoba: mawasiliano na tiba

Simu zinashika vijijini, na kati ya kijiji na kijiji kuna vipande virefu visivyo na kitu. Tumepata kifaa cha setilaiti cha kutuma ujumbe mfupi. Kinahitaji kuona anga wazi. Chini ya ukuta wa Bonde la Ufa nusu ya anga haipo, kwa hiyo ujumbe unaweza kukawia. Kila mmoja wetu amejifunza kukitumia, kwa sababu dereva naye anaweza kuwa ndiye majeruhi.

Sanduku la tiba limepangwa na muuguzi rafiki wa mradi: bendeji nyingi, ukanda wa kuzuia damu, ORS ya kurudisha maji mwilini, dawa ya maumivu, vitambaa vya kuungua. Amesisitiza nyoka. Kule kuna kifutu, anayelala njiani jioni na hakimbii unapokuja. Aliyeumwa hakatwi wembe, hanyonywi, hafungwi kamba ya kukaza. Anatulizwa, kiungo kinafungwa na kijiti kisitikisike, na mara moja anavuliwa pete, saa, bangili na shanga kabla ya kuvimba, kisha hospitali. Mzee wetu ana bangili tangu ujana wake. Nilimweleza nikiwa na hofu kidogo ya kumkosea heshima. Akanyoosha mkono, akazivuta mwenyewe kuona kama zinatoka, akasema, "Hizi mbili zinatoka. Hii moja utaikata."

Tumeweka koleo la kukatia waya kwenye sanduku.

Tumejiunga pia na AMREF Flying Doctors, huduma ya ndege za wagonjwa iliyoanza 1957 Nairobi. Namba yao imeandikwa kwenye karatasi ya nyumbani na ndani ya mlango wa gari.

Novemba: barabarani

Tumetoka alfajiri. Makuyuni chai, Mto wa Mbu kujaza matangi, Selela kushusha upepo. Engaruka tulimkuta mzee amesimama njiani na fimbo yake. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Mmekuja na maji yenu?" Akayahesabu madumu mwenyewe ndipo akapanda.

Sampuli za Engaruka zimekwenda vizuri. Chupa ni za plastiki, kwa kuwa floraidi hushambulia kioo na kipimo kikapotoka. Dada wa maabara anasema floraidi haiharibiki chupani kwa kuchelewa siku kadhaa. Hilo kwangu mimi dereva ni jambo kubwa: hakuna chupa hata moja kwenye gari hili inayotulazimisha kukimbia.

Kati ya Engaruka na Ngare Sero makorongo yanashuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro, mengi hata majina sijui. Kwenye moja pana tulifika kama saa nane mchana. Juu yetu jua kali, mchanga mkavu, alama za tairi za asubuhi zinaonekana hadi ng'ambo. Nilikuwa nimeshaweka gia nzito. Mzee akagonga dashibodi mara mbili kwa kidole.

"Simama. Tazama ng'ombe."

Ng'ambo palikuwa na kundi kubwa, na vijana wawili walikuwa wamelizuia juu ya ukingo. Ng'ombe wenye kiu, wakiwa njiani kurudi boma, na hawaruhusiwi kuvuka korongo kavu. Nyuma yetu, mbali, milima ilikuwa imefunikwa na weusi.

Nikarudi kinyumenyume hadi juu ya ukingo, nikazima injini. Tulikaa kitambo. Kwanza ilikuja harufu ya udongo, halafu sauti ya kokoto zinazosagana. Maji yalifika bila kimo kikubwa: ulimi wa povu la kahawia ukisukuma vijiti, samadi na kopo la plastiki, ukitambaa kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka. Kabla fundi hajamaliza kushangaa, ulimi ule ulikuwa umefika kiunoni na mawe makubwa yanagongana chini yake. Pale tulipokuwa tumesimama palizama.

Tuliweka mstari wa mawe pembeni mwa maji ili kuona kama yanapanda au yanashuka. Yalianza kushuka saa kumi, na kufika saa kumi na moja yalikuwa magotini, lakini bado yanakimbia. Kijana mmoja wa ng'ambo alitupungia tuvuke. Sheria yetu ni kwamba baada ya saa tisa alasiri hatuanzi kivuko chochote chenye shaka, kwa sababu kukwama saa kumi na moja ni kufanya kazi ya winchi gizani. Na maji ya magotini yanayokimbia yanamwangusha mtu; gari nalo yanalisogeza. Tulilala upande wetu, juu, mbali na kingo, moto mdogo, tochi kwa kila anayeshuka.

Ujumbe wa setilaiti haukutoka pale ukingoni. Tulipanda kilima kilichokuwa nyuma yetu na kukiweka kifaa juu ya jiwe hadi taa ikabadilika. Tuliandika: "Korongo limejaa. Wote wazima. Tunalala kabla ya Ngare Sero. Tunavuka asubuhi." Jibu lilikuja jua linapozama: "Nimepata. Nimempigia mtendaji. Saa ya kutafuta iko palepale." Nilifurahi kwamba hakuisogeza.

Asubuhi mzee na fundi walivuka kwa miguu wakigonga chini kwa fimbo. Njia ya jana haikuwepo. Maji yalikuwa yamekata mteremko wa kutokea kwa kimo cha mkono hadi kiwiko, ukingo umesimama kama ukuta. Tulichimba mteremko mpya kwa beleshi, tukalaza mbao, tukavuka kwa gia ya pili nzito bila kubadilisha katikati. Ng'ambo nilifungua nati ya difu ya nyuma kidogo nione mafuta. Yalikuwa safi. Yangekuwa meupe kama maziwa, tungeyamwaga palepale. Ujumbe ukatoka kabla ya saa mbili.

Baada ya Ngare Sero kijana wa pikipiki alitushauri kukata moja kwa moja juu ya magadi kuelekea Gelai, tuokoe muda mrefu. Kwa macho panaonekana pagumu, peupe, pameng'aa. Nilishuka na pau ya chuma, nikatembea hatua chache na kugonga. Ukoko ni unene wa kidole. Chini yake pau ilizama kwa uzito wake yenyewe, ikatoka na tope jeusi linalonuka. Gari la tani 3 likitumbukia hapo unazika spea kwenye tope lile lile linalokuzamisha. Isitoshe, ziwa hili ndilo mazalia makuu ya flamingo wadogo kwa Afrika Mashariki nzima, na ndege hao huacha viota wakisumbuliwa. Tulizunguka kwa njia ya ng'ombe. Ng'ombe hawapiti pasipowabeba.

Upande wa Gelai hakuna la kuandika sana: mawe, pancha moja, wazee wakarimu, chupa zote zimejaa. Longido tulipata lami, tukajaza upepo, nikapiga simu.

Novemba, mwishoni

Gari limeoshwa chini kwa maji baridi mengi, kila kona ya chesisi, siku ile ile tuliyorudi. Magadi yakikauka kwenye nyaya na viungio vya breki yanakula taratibu. Kichujio cha hewa kimebadilishwa. Kitambaa cheupe kimepitishwa tena kwenye bomba la mkonga na kimetoka safi. Nati moja ya springi ya nyuma kulia imehama kwenye mstari wake wa rangi. Imekazwa, na nitaitazama.

Mabadiliko kwa safari ijayo: beleshi la pili, kwa kuwa kuchimba mteremko na beleshi moja kuliwaweka watatu kando wakitazama. Kifaa cha setilaiti kitatuma ujumbe saa kumi jioni kila siku hata kama hakuna jambo, ili kutafuta anga wazi kufanyike bado kuna mwanga. Mzee ameomba vijana wawili wa Engaruka wafundishwe kutumia winchi, na dada wa maabara amekubali kuwafundisha.

Dada mhasibu naye ameleta karatasi yake ikiwa na nyongeza kwa kalamu nyekundu. Amepata namba ya mwenye lori la Gelai linaloshuka Longido siku za mnada, na ameshaongea naye kuhusu bei. Anataka pia tuandike ni nani kati yetu asiyejua kuogelea. Wakati wa masika hatutagusa upande wa mashariki. Sampuli za huko zitasubiri Juni.